Merikani ilitoka wapi? Mji wa Lowell ulivyohifadhi viwanda vyake, na sisi Wapwani tunavyohusika

Ukiingia duka la vitambaa Mtaa wa Biashara hapa Mombasa ukaomba merikani, muuzaji wa makamo atakuelewa mara moja. Atakutolea jora la pamba nzito, isiyopaushwa wala kutiwa rangi, ya kushonea foronya za magodoro au bitana. Vijana wengi wanalipita neno hilo bila kuliuliza, ilhali lenyewe linajieleza. Merikani ni Marekani. Kitambaa kilipewa jina la nchi kilikotoka, na wazee wetu walikijua kitambaa hicho kabla hawajamjua Mmarekani mwenyewe.

Leo nataka kueleza kitambaa kile kilifumwa wapi, nani alikifuma, na viwanda vilivyokifuma vimeishia vipi. Si hadithi ya kupitisha wakati tu. Hapa Pwani tuna viwanda vyetu vilivyofungwa, vinabomolewa tofali kwa tofali na vyuma vyake kuuzwa kwa kilo. Kuna mji mmoja Marekani uliofikia hali hiyo hiyo, ukaamua vingine. Mji huo unaitwa Lowell, uko jimbo la Massachusetts, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Boston. Nilipata kuuzuru nilipomtembelea binamu yangu anayeishi huko, maana Lowell ina Wakenya wengi kuliko unavyodhani. Niliyoyaona na niliyoyasoma baadaye ndiyo ninayowaletea.

Kitambaa kilichotumika kama fedha

Tuanzie kwetu. Mwaka 1833 Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 Marekani ikafungua ubalozi mdogo Zanzibar, na balozi wa kwanza, Richard Waters, alikuwa mfanyabiashara wa bandari ya Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilikuja na vitambaa, bunduki, baruti na vyombo vidogo vidogo. Zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Sandarusi ilisafishwa Salem na kufanywa vanishi. Pembe nyingi ziliishia jimbo la Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikachongwa vibonyezo vya piano.

Katika bidhaa zote walizoleta, hakuna iliyopendwa kama kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Kilikuwa kizito, kilivumilia kufuliwa, na bei yake ilikuwa nafuu. Majahazi yalikisambaza kutoka Unguja hadi Mombasa, Lamu na Mrima wote. Misafara ya kwenda bara ilikibeba kama sisi tunavyobeba noti. Doti moja, yaani wari 4, ilikuwa na thamani iliyojulikana, na kwa doti ulinunua chakula njiani, ulilipa ushuru wa machifu na kulipa wapagazi. Watu walikivaa kilivyo au wakakitia rangi.

Kitambaa hicho kilifumwa katika miji kadhaa ya Massachusetts na majimbo jirani. Salem yenyewe ilijenga kiwanda chake. Lakini mji ulioanzisha namna ile ya kufuma kwa wingi, na uliokuwa maarufu kuliko yote, ni Lowell.

Maji yaliyogeuzwa nguvu

Mji huu umepewa jina la Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston. Mwaka 1810 alikwenda Uingereza na jamaa zake, akakaa huko kama miaka miwili. Wakati huo Uingereza ilipiga marufuku kuuza nje mashine za kufumia, hata michoro yake. Lowell alivizuru viwanda, akaangalia na kuuliza, na alichokiona akakihifadhi kichwani. Aliporudi kwao, yeye na fundi aitwaye Paul Moody waliunda mashine yao wenyewe ya kufumia kwa nguvu ya maji. Mwaka 1814 kiwanda chao mjini Waltham kilianza kufanya jambo lililokuwa geni: pamba iliingia mlango mmoja ikiwa marobota, ikatoka mlango mwingine ikiwa majora ya kitambaa. Kuchambua, kusokota na kufuma, yote chini ya paa moja.

Lowell alifariki mwaka 1817. Washirika wake walitaka kupanua kazi lakini mto wa Waltham ulikuwa mdogo. Wakaupata Mto Merrimack, mahali penye maporomoko ya Pawtucket, ambapo maji hushuka kama futi 32. Kabla ya viwanda, hapo palikuwa mahali pa kuvulia samaki pa Wapennacook, wenyeji wa asili. Mfereji mmoja wa kupitishia mashua ulikuwa umeshachimbwa tangu miaka ya 1790. Wafanyabiashara wakaununua, wakaupanua, wakachimba mingine. Waliochimba walikuwa vibarua kutoka Ireland, kwa sururu, koleo na baruti. Kampuni ya kwanza, Merrimack, ilianza kufuma mwaka 1823. Mwaka 1826 mahali hapo pakawa mji wenye watu kama 2,500. Mwaka 1850 watu walikuwa wamefika 33,000 hivi, na Lowell ulikuwa mji wa pili kwa ukubwa Massachusetts.

Ukitaka kuelewa mji huu lazima uelewe maji yake. Mifereji ina urefu wa kama kilomita 9, na imepangwa kwa ngazi mbili. Maji ya mfereji wa juu huingia chini ya jengo la kiwanda, husukuma gurudumu, kisha humwagika mfereji wa chini. Huko husukuma gurudumu la kiwanda kingine, ndipo yarudi mtoni. Kwa hiyo maji yale yale yalifanya kazi mara mbili. Gurudumu lilizungusha mikanda mipana ya ngozi iliyopanda ghorofa hadi ghorofa. Kwa kawaida ghorofa za chini zilichambua na kunyoosha pamba, zilizofuata zikasokota nyuzi, na za juu zikatayarisha mtande na kufuma. Kampuni moja ilimiliki mifereji yote, nayo ikaviuzia viwanda nguvu ya maji kwa kipimo, kama leo tunavyouziwa umeme.

Mhandisi mkuu wa mifereji alikuwa James B. Francis, kijana aliyetoka Uingereza. Huyu aliboresha gurudumu la maji hadi likawa tabo linalobeba jina lake mpaka leo, na mitambo ya aina hiyo ndiyo inayotumika katika mabwawa mengi ya umeme duniani. Mwaka 1850 alijenga lango kubwa la mbao juu ya mfereji, la kuteremshwa siku mto utakapofurika. Watu walimcheka kwa gharama ile. Mwaka 1852 mafuriko yakaja, lango likateremshwa kwa kukata chuma kilichoning'iniza, na mji ukaokoka. Mwaka 1936, zaidi ya miaka 80 baadaye, lango lile lile likauokoa mji tena. Liko pale hadi leo, na mgeni huonyeshwa.

Wasichana wa kengele

Wenye viwanda walihitaji mikono mingi, na hawakutaka vitongoji vya dhiki kama walivyoviona Uingereza. Wakatuma watu mashambani kuwaajiri mabinti wa wakulima, wengi wao wa umri wa miaka 15 hadi 30. Kampuni ziliwajengea mabweni ya matofali karibu na viwanda, kila bweni likisimamiwa na mama mtu mzima, mara nyingi mjane. Mlango ulifungwa saa nne usiku, na kwenda kanisani kulikuwa sharti.

Kwa binti wa shamba wa wakati ule, kupokea mshahara wake mwenyewe mkononi lilikuwa jambo kubwa. Wengine walisomesha kaka zao, wengine walilipa madeni ya baba zao, wengine walijiwekea akiba. Walihudhuria mihadhara ya jioni na kuazima vitabu. Kuanzia 1840 hadi 1845 walitoa jarida lao, Lowell Offering, lililoandikwa na wafanyakazi wenyewe. Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza, alipozuru mwaka 1842 alistaajabu kuona wafanyakazi wa kiwanda wenye jarida.

Lakini kazi ilikuwa kazi. Kengele ya kwanza ililia mnamo saa kumi na nusu alfajiri wakati wa kiangazi. Kazi ilianza saa kumi na moja na kumalizika saa moja jioni, na nusu saa ya kufungua kinywa na nusu saa ya chakula cha mchana katikati. Siku sita kwa juma. Madirisha yalifungwa yasifunguke, maana uzi mkavu hukatika, na hewa ilitiwa unyevu kwa mvuke. Vumbi la pamba lilijaa mapafuni. Kelele za mashine zilifanya watu wazungumze kwa ishara.

Mwaka 1834 kampuni zilipotangaza kupunguza ujira, mamia ya wanawake walizima mashine na kuandamana. Mwaka 1836 gharama ya mabweni ilipopandishwa wakagoma tena, safari hii wakiwa wengi zaidi. Mwaka 1845 chama chao, kilichoongozwa na mfumaji aitwaye Sarah Bagley, kilipeleka maombi katika bunge la jimbo kutaka siku ya kazi iwe saa 10. Walitoa ushahidi mbele ya kamati, bunge likasikiliza, kisha likakataa. Sheria ya saa 10 kwa wanawake haikupita Massachusetts mpaka mwaka 1874. Wasichana wa mwanzo walikuwa wameshazeeka.

Wakati huo nafasi zao zilikuwa zimechukuliwa na wengine: Waayalandi, kisha Wakanada wasemao Kifaransa, Wagiriki, Wapolandi, Wareno. Kila kundi lilikuja likiwa maskini kuliko lililotangulia, likapokea ujira mdogo, likajenga mtaa wake na nyumba yake ya ibada.

Pamba yenyewe ilitoka kwa nani?

Hapa ndipo hadithi inapouma, na ndipo inapotugusa sisi. Massachusetts hailimi pamba, kuna baridi mno. Marobota yote yalitoka majimbo ya kusini, ambako pamba ililimwa na kuchumwa na watumwa weusi. Mwaka 1860 watumwa nchini Marekani walikuwa kama milioni 4. Viwanda vya Lowell vilinunua pamba yao, na baadhi yake vilifuma kitambaa duni, kikavu cha kuparuza, kikarudishwa kusini kuwavisha watumwa hao hao. Mwaka 1848 mwanasiasa Charles Sumner aliwasuta watu wa jimbo lake waziwazi kwamba mabwana wa viboko wa kusini na mabwana wa mashine za kufumia wa kaskazini walikuwa wameungana. Wapo wafanyakazi wa Lowell waliotia saini maombi ya kupinga utumwa, huku mikono yao ikishika pamba ya watumwa kutwa.

Sasa lifuate jora moja la merikani. Pamba ilichumwa na mtumwa wa kusini mwa Marekani. Ikafumwa na binti mwenye ujira mdogo Massachusetts. Ikabebwa na meli ya Salem hadi Zanzibar, ambako karafuu za kupakia meli hiyo zilichumwa na watumwa wengine. Ikapelekwa bara kununua pembe, na katika misafara mingine ikanunua binadamu. Ukilishika jora hilo unashika watumwa wa pande mbili za dunia. Mababu zetu wamo humu kama waliouza, kama walionunua, na kama waliouzwa. Nasema hivi bila ya kumnyooshea kidole mtu yeyote. Biashara ile ilikuwa hivyo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ya kusini ilikatika. Kampuni nyingi za Lowell zilisimamisha mashine na kuuza akiba ya pamba. Huku kwetu merikani ikaadimika na bei ikapanda. Vitambaa vya Uingereza, na baadaye vya viwanda vya Bombay, vikajaza pengo. Wamarekani hawakulirudisha tena soko lile kama lilivyokuwa. Lakini jina lilibaki. Hata kitambaa kilichofumwa India kikaendelea kuitwa merikani, na mpaka leo tunakiita hivyo.

Mji ulipokufa

Viwanda vya Lowell viliendelea baada ya vita, vikakua, vikaongeza injini za mvuke. Lakini majengo yakazeeka na mashine zikachakaa, wakati faida ikigawiwa wenye hisa badala ya kununulia mashine mpya. Majimbo ya kusini yakajenga viwanda vyao karibu na mashamba ya pamba, kwa ujira wa chini na bila vyama vya wafanyakazi. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni za Lowell zilianza kufunga au kuhama, moja baada ya nyingine. Vita vya pili vya dunia vilileta kazi kwa muda. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, kampuni kubwa za asili zilikuwa zimekwisha.

Mji ukabaki na kilomita za majengo matupu na mifereji iliyojaa takataka. Vijana wakahama. Viongozi wakaamua kuwa dawa ni kubomoa. Kiwanda cha Merrimack, kile cha kwanza kabisa, kilibomolewa, na katika miaka ya 1960 safu ya mabweni yake ikafuata. Wazee wengi hawakulia. Kwao majengo yale yalikuwa kumbukumbu ya vumbi, kelele na kufukuzwa kazi.

Namna mji ulivyogeuza njia

Aliyekuja na wazo tofauti alikuwa mwalimu. Patrick Mogan, mtu wa elimu katika mji huo, aliona kuwa watoto wa Lowell wanafundishwa kuuonea haya mji wao na kazi za wazazi wao. Akasema mji mzima ufanywe darasa: mifereji, viwanda, mitaa ya wahamiaji, lugha zao na vyakula vyao. Wengi waliliona wazo lake kuwa ndoto. Nani atalipa nauli kuja kutazama kiwanda kilichokufa?

Taratibu likapata watetezi. Mmoja wao alikuwa Paul Tsongas, mzaliwa wa Lowell, mwana wa familia yenye asili ya Ugiriki, ambaye katika ujana wake alijitolea kufundisha Ethiopia. Alipoingia Bunge la Marekani aliusukuma mswada, na tarehe 5 Juni 1978 Rais Jimmy Carter akautia saini. Lowell ikawa hifadhi ya taifa ya kihistoria. Marekani ilikuwa imezoea kuhifadhi milima, misitu, viwanja vya vita na nyumba za marais. Kuhifadhi mahali ambapo watu wa kawaida walifanya kazi ya mshahara, tena katikati ya mji unaoishi watu, lilikuwa jambo jipya.

Mpango wenyewe ndio ninaotaka msomaji auzingatie, kwa sababu serikali haikununua mji mzima. Hifadhi yenyewe ni ndogo, kama ekari 141, na majengo mengi ya viwanda yamo mikononi mwa watu binafsi. Sheria iliunda tume maalumu iliyotoa misaada na mikopo kwa wenye majengo waliokubali kuyakarabati bila kuharibu sura yake. Sheria ya kodi nayo humpunguzia mwekezaji asilimia 20 ya gharama anapokarabati jengo la kihistoria la biashara kwa masharti yaliyowekwa. Kwa hiyo jengo lililokuwa mzigo likawa na faida. Leo utakuta humo nyumba za kupanga, ofisi, studio za wasanii na madarasa ya chuo kikuu. Matofali mekundu, madirisha marefu na mnara wa kengele vimebaki vilivyo.

Moyo wa hifadhi ni kiwanda cha Boott, kilichoanzishwa mwaka 1835 na kugeuzwa makumbusho mwaka 1992. Ghorofa ya chini ina mashine 88 za kufumia za mwanzo wa karne ya 20. Kabla ya kuingia unapewa vizibo vya masikio. Nilidhani ni mbwembwe za wageni mpaka mashine zilipowashwa. Si zote huwashwa kwa pamoja, lakini hizo chache zilitosha. Sakafu ilitetemeka chini ya viatu vyangu na sikusikia sauti ya binamu yangu aliyesimama ubavuni. Ndipo nilipoelewa kwa nini wafumaji walizungumza kwa ishara, jambo ambalo kitabu kilikuwa kimeshaniambia lakini hakikuniingia. Kitambaa kinachofumwa pale huuzwa dukani pale pale.

Jirani yake limebaki bweni moja, limerudishwa lilivyokuwa: meza ndefu ya chakula, vyumba vya juu vyenye vitanda vilivyobanana. Ukutani wamewekwa pia wahamiaji waliofuata, na maelezo ya pamba ya watumwa hayakufichwa. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo lililonifanya niamini mengine yote. Makumbusho yanayoeleza sifa peke yake ni tangazo la biashara.

Si kila kitu ni asali

Lingekuwa kosa kudhani kuwa makumbusho ndiyo yaliyoiokoa Lowell peke yake. Katika miaka ile ile kampuni ya kompyuta ya Wang ilihamishia makao yake makuu hapo, ikajenga minara na kuajiri maelfu. Mwaka 1992 ikafilisika, na mji ukaonja tena uchungu wa kumtegemea mwajiri mmoja. Turathi hazikuzuia pigo hilo. Lakini safari hii mji ulikuwa na nguzo nyingine: chuo kikuu, majengo yanayotumika, wageni wanaokuja kila mwaka.

Kuna pia swali la nani anafaidi. Kiwanda kinapogeuzwa nyumba nzuri kando ya mfereji, kodi yake si ya kibarua. Lowell bado ni mji wa wahamiaji wa kipato cha chini. Tangu miaka ya 1980 wamekuja Wakambodia waliokimbia mauaji ya kwao, na leo ni moja ya jamii kubwa za Wakambodia nchini Marekani. Waafrika nao wamo. Binamu yangu aliniambia kuwa anapita kando ya viwanda vile kila siku akienda kazini hospitalini, na kwamba ukarabati haukumpunguzia kodi ya nyumba hata senti. Lakini aliniambia pia kuwa mwanawe amepelekwa na shule yake mara mbili kufuma kipande cha kitambaa kwa mkono, na kwamba anaujua mji ule kuliko yeye mama mtu.

Na sisi je?

Pwani yetu tunajua kuhifadhi. Mji wa Kale wa Lamu uliingia orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, Fort Jesus mwaka 2011. Lakini tazama tunachokihifadhi: ngome, misikiti, magofu, nyumba za matajiri zenye milango ya nakshi. Mahali pa kazi hatupahesabu kuwa historia. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kule Kwale kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilisimama katika miaka ya 1990. Vizazi vizima vilikula, vikasoma na kuoa kwa mishahara ya viwanda hivi na vingine kama hivi. Leo mtoto wa darasa la sita akipita hapo anaambiwa nini?

Nina amu yangu aliyefanya kazi miaka 22 katika kiwanda kimoja cha Pwani kilichofungwa. Sitakitaja. Alitoka bila kulipwa haki yake yote, na kwa muda mrefu hakutaka hata kupitia barabara ile. Siku moja nilimuuliza kazi yake ilikuwa ipi hasa. Alizungumza saa nzima. Alinieleza sauti ambayo mashine hutoa kabla haijaharibika, jina la utani la kila mnyapara, na namna walivyochangiana mwenzao alipofiwa. Hakuna karatasi yoyote yenye mambo hayo. Yumo yeye tu, na umri umeshasonga.

Sisemi tuige Lowell kila kitu. Hatuna hazina ya Marekani, na jengo lenye njaa mlangoni haliwezi kugeuzwa makumbusho kwanza kabla ya watu kupata kazi. Kiwanda kinachoweza kufufuliwa kifufuliwe. Lakini yapo ya kuiga yasiyohitaji mabilioni. La kwanza ni sheria, nayo tunayo: Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inaruhusu jengo lenye thamani ya kihistoria kulindwa, wala haisemi lazima liwe ngome. La pili ni kaunti. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la makumbusho ya ngazi yao, kwa hiyo diwani wako anaweza kuulizwa. La tatu ni nafuu kwa mwenye jengo, kwa mfano kupunguziwa ada za kaunti akikarabati badala ya kubomoa. Ndiyo siri ya Lowell: hawakumwambia mwenye mali ahifadhi kwa mapenzi ya historia tu, walihakikisha kuwa kuhifadhi kunamlipa.

La nne halingoji serikali, nalo ndilo la haraka. Lowell walianza kwa mwalimu aliyetaka watoto waijue kazi ya wazazi wao. Simu uliyonayo mkononi inarekodi sauti. Ikiwa mzazi, shangazi au jirani yako alifanya kazi katika kiwanda, ginari, bohari au gatini, kaa naye wiki hii. Muulize kengele au king'ora kililia saa ngapi, alilipwa kiasi gani mwezi wa kwanza, nani alimfundisha kazi, na siku ya mwisho waliambiwa nini. Piga picha ya kitambulisho chake cha kazi, hati ya mshahara, hata ovaroli iliyochakaa. Andika jina na mwaka nyuma ya kila picha, kisha toa nakala mbili, moja ubaki nayo, nyingine uipeleke shule au maktaba iliyo karibu nawe.